Barazani Petu: Watu Watano na Kibuyu Kimoja

Juma lililopita walikuja barazani petu vijana watano wa hapa Kabambare kutaka shauri. Wawili ni waalimu, mmoja ni mshonaji, mmoja ni muuguzi, na wa tano ni mchuuzi wa samaki wa chumvi. Walianza darasa la kwanza mwaka mmoja, wakachapwa kwa fimbo moja, na hata leo hawajaachana. Neno lao lilikuwa hili: wamechoka kwa kazi za mwaka, nao wataka kusafiri pamoja siku mbili au tatu tu, wapumzike na kuzungumza kama zamani. Fedha yao ni haba. Na mahali watakapo kwenda ni nchi ya divai.

Tukawauliza, "Nchi ya divai ndiyo ipi?"

Mchuuzi akajibu upesi, "Dodoma, wazee wetu." Habari zake alizipata kwa mabaharia wa ng'ambo ya ziwa, naye amezihubiri kwa wenzake hata wote wamewaka moto. Jambo la kuchekesha ni kwamba yeye ni Mwislamu, wala hajapata kuonja tone la kileo. Tulipomwuliza Dodoma ataka nini, alisema, "Nataka kuona tu." Jibu hilo lilitupendeza.

Tena hakudanganywa. Dodoma ndiyo nchi ya mizabibu katika Tanzania. Ni nchi kavu. Mvua yake huja kwa msimu mmoja katika mwaka, kisha jua latawala. Mahindi huona taabu huko, walakini mzabibu huona raha, maana huchukia unyevu mwingi, na mkulima aweza kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Husimuliwa kwamba miche ya kwanza ilipandwa na wamisionari huko Bihawana mwaka 1957. Haja yao si ngumu kuifahamu: sheria ya Kanisa yadai divai ya Misa iwe ya tunda la mzabibu wala si ya tunda jingine, na kuagiza kila chupa kutoka Ulaya si jambo dogo. Tangu hapo mashamba yameenea mpaka Hombolo na Makutupora, na mvinyo wa Dodoma leo huuzwa kwa chupa mijini.

Basi tulichukua karatasi, tukaanza kuhesabu pamoja nao. Toka Kabambare hata ziwani ni njia mbovu ya siku kadhaa, na kwa miaka mingi watu wenye silaha wamewatesa wasafiri upande wa Fizi. Ziwani kuna nauli ya chombo hata Kigoma, pamoja na pasi na mihuri ya mpakani. Kisha gari la moshi. Reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina urefu wa kilomita 1,254 hata Dar es Salaam, na toka Kigoma hata Dodoma ni kilomita 800 hivi. Treni mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024 haitawafaa, kwani yenda toka Dar es Salaam mpaka Dodoma, nao watatokea upande wa pili. Njia hiyo yote ndiyo ile ile ya misafara ya zamani: Kabambare, ziwa, Ujiji, Tabora, Ugogo, Bagamoyo. Waliopita humo wakiwa na pembe mabegani, na wengine wakiwa na mnyororo shingoni, hawakuiita matembezi.

Tulipofika penye hesabu ya kurudi, mshonaji aliweka kalamu chini. Fedha yote ya watu watano isingaliwafikisha Kigoma, na siku zao tatu zingalikwisha kabla hawajaliona ziwa.

Muuguzi akasema, "Basi twende Kasongo." Kasongo ni mji mzuri wa kuuona. Anayependa habari za kale aweza kwenda Tongoni, palipokuwa Kasongo ya kwanza, mji wa Waungwana uliotekwa na askari wa Dhanis mwezi wa nne mwaka 1893. Hata wataalamu wa mambo ya kale wamefika kupachimba. Walakini Kasongo iko mbali nasi kilomita zaidi ya 100, na pikipiki hainywi maji. Tuliwaambia waiweke Kasongo kwa mwaka mwingine.

Tukawaambia pia: msihuzunike, nchi ya divai mnayo. Divai yetu haitoki mzabibuni, yatoka mchikichini. Nendeni kwa mgema.

Walitazamana. Mwalimu mmoja alicheka, akasema, "Malofu yauzwa sokoni kila siku. Tukasafiri kwa ajili ya malofu?"

Hapo ndipo tulipomwomba aketi vizuri. Chupa ya Dodoma yaweza kukufuata hata Kabambare. Ikikaa sandukuni mwezi mzima haidhuriki. Malofu hayakufuati. Utomvu ukitoka mtini alfajiri ni mtamu kama maji ya sukari. Papo hapo chachu iliyo hewani na kibuyuni huushika, na kabla ya adhuhuri povu limepanda. Jioni umekuwa mkali, una nguvu kama ya bia, yapata sehemu 4 au 5 katika mia. Kesho yake waelekea kuwa siki. Yale yanayofika sokoni, baada ya kutikiswa katika dumu juu ya baiskeli tangu asubuhi, mara nyingi yamepita umri wake, au yameongezwa maji ili dumu lijae. Atakaye kuyanywa katika saa yake njema hana budi kuyafuata chini ya mti wake. Twasadiki kwamba watu wengi wa mjini wamekunywa malofu miaka 20 wala hawajayaonja.

Kuna namna mbili za kugema, na msafiri yampasa kuzijua kabla ya kuchagua mwenyeji wake. Mgema wa namna ya kwanza hupanda mti kwa mshipi wa kamba unaomzunguka yeye na shina, akakata ua la kiume la mchikichi, akatega kibuyu. Hupanda asubuhi, hupanda jioni, na mti wabaki ukiishi, ukazaa ngazi na mafuta mwaka hata mwaka. Mgema wa namna ya pili huulaza mti chini kwa shoka, akaukamua kwa majuma kadhaa, kisha mti umekufa. Kazi yake ni nyepesi, wala hahitaji kujua kupanda. Walakini mchikichi ule ungaliwapa watoto wake mafuta kwa miaka mingi, na mgeni anayelipia kibuyu cha mti uliolazwa anakunywa mafuta ya watoto wale. Mwale ni habari nyingine: huo huzaa mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa wenyewe, na mwenye kuugema karibu na wakati wake hakuupunja sana. Kwa hiyo tuliwashauri watano wetu waulize mapema, wachague kijiji ambapo wagema bado hupanda.

Sasa twaja penye neno lenyewe, yaani fedha, nasi twaomba ruhusa kuungama jambo letu wenyewe.

Miaka mingi iliyopita tulisafiri marafiki sita kwenda Kasongo kwa siku tatu. Katika mkutano wa kwanza, mwenzetu mmoja aliyekuwa amepata fedha ya dhahabu alitaja mchango wa kila mtu. Aliutaja kwa moyo mweupe, kama mtu atajavyo saa. Akatutazama mmoja mmoja, na kila mmoja akaitikia ndiyo. Kati yetu alikuwamo mwalimu. Mishahara ya waalimu ilikuwa haijafika kwa miezi mitatu, nasi sote tulijua, lakini hakuna aliyefungua kinywa. Tulidhani kulitaja ni kumwaibisha. Naye akaitikia ndiyo.

Huko Kasongo alikula kidogo na kunywa kidogo. Kila kilipoagizwa kitu, alikuwa wa kwanza kusema ameshiba. Usiku wa pili tulimtania kwamba yeye ni bahili, mwenye kuficha fedha ndani ya soksi. Akacheka pamoja nasi, tena alicheka kuliko sote. Asubuhi tulimkuta amefunga mzigo wake. Alisema mama yake ni mgonjwa, akarudi peke yake.

Majuma mawili baadaye binti yake alirudishwa nyumbani kutoka darasani. Alikuwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari, mwaka wa mtihani wa Serikali. Karo yake ndiyo iliyosafiri nasi Kasongo. Mke wa mwalimu ndiye aliyetujulisha, wala hakutujulisha kwa sauti kubwa. Alisimama mlangoni, akasema, akaenda zake. Usiku ule ule tulichanga, tukampelekea mumewe fedha yote. Hakuipokea. Alisema, "Nilikula, nilikunywa. Deni liko wapi?" Binti aliukosa mtihani mwaka ule, akaufanya mwaka uliofuata. Baba yake hakuacha kutuamkia njiani, walakini hakuingia tena katika nyumba zetu hata siku moja.

Ndiyo sababu vijana hawa walipoanza kutaja mchango, na mchuuzi akawa amekwisha kusema faranka 50,000, tuliwakatiza. Tuliwapa vipande vitano vya karatasi vilivyo sawa na kalamu moja. Tukasema: kila mtu atoke nje peke yake, aandike kiasi awezacho kutoa pasipo kukopa, na pasipo kugusa chakula cha nyumbani, dawa, wala karo. Asiandike jina. Akunje, atie katika kofia. Kisha asome mtu asiyesafiri, naye asitaje illa kile kiasi kidogo kuliko vyote. Karatasi zote zichomwe papo hapo.

Kusoma kulituangukia sisi. Kidogo kuliko vyote kilikuwa faranka 12,000.

Tulipokitaja, hakuna aliyemtazama mwenzake. Mmoja alitazama dari, mmoja alitazama viatu vyake, na mchuuzi alianza kuhesabu kwa vidole. Baada ya kitambo akasema, "Mara tano ni 60,000. Tena tukiweka likelemba ya 1,500 kila juma, kwa majuma 8 zimetimia." Tungependa kumsifu kijana huyo hapa, maana mtu aliyekuwa na 50,000 kinywani aliimeza bila hata kuuliza ni nani aliyeandika 12,000.

Wasomaji wengine watasema: mwenye nacho na aongeze, asaidie. Sisi hatukubali, angalau si kwa fedha. Faranka iliyoongezwa na mmoja hukaa juu ya meza kama mgeni wa sita; wakati wa kuchagua pa kulala yenyewe yapiga kura. Mwenye zaidi na alete kitu, wala si fedha. Mshonaji ana baiskeli yenye kiti cha nyuma kilicho imara. Mwalimu mmoja ana shamba la mpunga, na mchele wa kwetu, uliotufikia pamoja na watu wa pwani katika karne ya 19, hauhitaji sifa zetu. Muuguzi ana sufuria kubwa na chandarua. Vitu vya namna hii vikiisha kuliwa au kutumiwa, hakuna akumbukaye vilitoka kwa nani.

Hesabu yao, basi, tuliipanga hivi, na bei ni za karatasi tu, soko laweza kuzigeuza. Katika 12,000 za kila mtu, 10,000 zaingia mfuko wa wote, nao wapata 50,000. Humo 15,000 ni zawadi ya mwenyeji. 18,000 ni kitoweo na mafuta, kwa kuwa mchele unao mwenyewe. 5,000 ni mtumbwi wa kwenda na kurudi. Na 12,000 ni akiba ya ugonjwa au gurudumu lililopasuka, isiyoguswa kwa kiu. Zile 2,000 zinazobaki kwa kila mtu haziingii mfuko wa wote. Kati ya watano, wawili ni Waislamu. Si haki kumtoza mtu asiyekunywa malofu ili wengine wanywe, na katika nchi yetu ya Maniema, ambapo ukoo mmoja una waendao kanisani na waendao msikitini, mambo madogo ya namna hii ndiyo yaachayo uchungu. Watatu watatia 6,000 kwa ajili ya kibuyu. Wawili watatia 4,000 kwa chai, sukari na karanga, nao watakaa mkeka mmoja na wenzao. Hesabu hiyo ilimpendeza mchuuzi kuliko yote. Alisema safari nyingine zote alizowahi kusafiri na rafiki zake, amewalipia kileo akiwa na kikombe cha maji mkononi.

Mwenye kushika fedha asiwe ndiye mwenye kuandika daftari. Muuguzi atashika, mwalimu ataandika. Tena wake zao waambiwe kiasi kabla fedha haijatoka nyumbani. Hapo mmoja alikunja uso, nasi hatukumwuliza kwa nini. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 shule za msingi za Serikali zimefutiwa karo, walakini sekondari bado yalipiwa, na mke ndiye ajuaye siku ya mwisho ya kulipa.

Kuhusu njia hatuna mengi ya kusema. Kijiji walichokichagua ni mwendo wa nusu siku kwa miguu, upande wa pili wa Luama, mto wetu uendao kumwaga maji yake katika Lualaba. Wasiondoke kabla ya kuuliza habari za njia kwa watu waliotoka huko juma lile lile, maana habari za mwezi uliopita si habari. Wakisikia neno lolote la mashaka, wakae nyumbani, wapike mchele wao barazani petu. Waende katika kiangazi, mwezi wa saba, njia ikiwa kavu. Na wavae viatu vilivyozoea mguu. Kijana mmoja alikuwa ameazimia kununua vipya kwa ajili ya safari, tukamkumbusha habari za Daktari Livingstone, aliyefika Bambarre, yaani hapa petu, mwaka 1869. Mwaka uliofuata, akiisha kukanyaga matope na mito ya Manyema, vidonda vya miguu vilimlaza hapa tangu mwezi wa saba hata mwezi wa kumi. Mtu aliyevuka nusu ya Afrika alifungwa na nyayo zake mwenyewe!

Mtumbwi uvukwe kabla ya kibuyu, si baada yake. Siku ya kurudi hakuna kunywa mpaka Luama iwe mgongoni. Hapa tulisema kwa ukali, nao walinyamaza, kwa kuwa kila mmoja ajua nyumba yenye matanga ya namna hiyo. Kadhalika jioni, malofu yakiisha, atatokea mtu mwenye chupa ndogo ya lotoko na bei rahisi. Wamrudishe kwa adabu. Kileo kilichochemshwa na kukusanywa katika mabomba ya kubahatisha chaweza kuwa na sumu ipofushayo macho, na jicho la mgeni halimtambui mpishi mwema.

Wakifika, waende kwanza kwa mkubwa wa kijiji, wataje majina yao na siku watakazokaa. Kisha kwa mgema. Chumvi, sabuni na sukari zikabidhiwe kwa mke wake, maana ndiye atakayebeba maji ya wageni watano. Kulala, walale watakapopewa, juu ya mikeka yao wenyewe. Bei ya kibuyu waipatane siku ya kwanza, mchana, wakiwa na akili kamili, wala wasimsifu mwenyeji kupita kiasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali hiyo haikutungwa kwa bahati. Wawe na kiasi cha sifa, kama walivyo na kiasi cha fedha.

Asubuhi ya pili waamke kabla ya jogoo. Tuliwasihi sana juu ya jambo hili, kwani lapita mengine yote. Wamfuate mgema gizani hata chini ya mti, wasikie mshipi ukikwaruza shina akipanda, wangoje kibuyu kishushwe. Kikombe cha kwanza huwa bado baridi kwa umande, na nyuki mmoja au wawili wanaelea juu yake. Huwatoi kwa kidole, wapuliza tu. Ladha yake hatuwezi kuiandika. Ni tamu, halafu katika mwisho wa ulimi kuna kitu kama mwiba mdogo, na huo mwiba ndio divai yenyewe inazaliwa. Baada ya saa mbili onjeni tena kutoka kibuyu kile kile, na baada ya saa nne tena. Mkulima wa Dodoma hungoja miezi ili aonje mabadiliko yale. Ninyi mtayapata kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Wasiokunywa nao wana kazi yao saa ile. Mgema, akiwa juu, huona mashamba yote na moshi wa kila nyumba, naye hupiga kelele habari za kijiji kwa watu walio chini. Mchuuzi wetu, aliyetaka kuona tu, ataona.

Asijaribu mtu kuvaa mshipi wa mgema na kupanda. Tuliwatazama waalimu wote wawili tulipokuwa tukisema hivyo.

Wameanza likelemba yao Jumamosi iliyopita. Muuguzi alitupitia jioni kutuonyesha daftari: majina matano, 1,500 mara tano, na sahihi ya mwandishi. Kabla ya kuondoka aliuliza kama aweza kuja na shemeji yake, kijana mwema, mwenye kinanda. Tulimwambia aulize karatasi tena, vipande sita safari hii, na kofia ile ile. Alisimama kidogo akifikiri, kisha akasema pengine shemeji atakwenda mwakani.